Paa Linalovuja Bila Mvua: Somo la Kuivalisha Nyumba ya Mabati kwa Ndani

ALFAJIRI ya Julai kule Dundori si ya kufanyiwa mzaha. Umande hulala juu ya viazi na kabeji kama chokaa, ng'ombe hutoa mvuke puani, na anayekwenda kukama hujitanda shuka juu ya koti. Msomaji anayeishi mjini Nakuru akipanda matatu pale Lanet hujikuta, kabla hajamaliza kulisoma gazeti lake, yuko katika hali nyingine kabisa ya hewa. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Dundori iko juu zaidi, ukingoni mwa Bonde la Ufa kwenye njia ya kwenda Ol Kalou, na kwa kila mita 100 mtu anazopanda, hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu digrii.

Huko ndiko nilikoalikwa na rafiki mmoja kwenda kumwona mama yake, mjane aliyepita umri wa miaka 70. Wanawe, wote wafanyakazi wa mjini, walikuwa wamemjengea nyumba ya kupendeza: kuta za mawe, madirisha makubwa ya vioo, mabati ya rangi, na juu, chini ya mteremko wa paa, chumba cha kulala wajukuu wakati wa likizo. Ukilala humo macho yanatazama bati tupu na misumari yake. Nyumba ilikuwa na ila moja tu. Ilivuja. Ilivuja hata Januari, mwezi ambao wakulima hutazama mbingu bila kuona wingu.

"Mwanangu," mama aliniambia, "hapa kwangu mvua hunyesha ndani, na nje kumekauka."

Fundi alikuwa ameitwa mara mbili. Mara ya kwanza alipaka lami juu ya vichwa vya misumari. Mara ya pili alibadilisha mabati mawili. Alilipwa mara zote mbili, na matone yakaendelea kama kwamba hakuna aliyepanda ngazi. Wajukuu walikuwa wakikohoa tangu shule zifungwe. Na mama, kwa huruma yake, alikuwa akiwapandishia jiko la makaa kila jioni "likaushe chumba."

Nililala chumba kile usiku mmoja. Kwenye saa kumi na moja alfajiri tone likaniangukia kwenye paji la uso. Nikanyoosha mkono nikaligusa bati: lilikuwa limelowa lote, kama chupa ya soda iliyotolewa katika friji. Paa lile halikuwa na tundu hata moja. Maji yale yalitoka vifuani mwetu.

Maji ya pumzi

Mtu mzima aliyelala hutoa takriban gramu 40 za maji kila saa, kwa pumzi na kwa ngozi. Watu wanne wakilala saa nane hujaza hewa ya chumba maji yanayozidi lita moja. Ongeza sufuria ya githeri iliyochemka chini jioni, nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kuna ukungu, na jiko lenyewe. Maji hayo yote hupanda yakiwa mvuke usioonekana.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa ikiwa na digrii 15 inaweza kushika karibu gramu 13 za maji. Ikishuka hadi digrii 5 haiwezi kushika zaidi ya gramu 7 hivi. Kilichosalia lazima kitue mahali, na hutua juu ya kitu kilicho baridi kupita vyote humo chumbani, yaani bati. Usiku usio na mawingu bati hutupa joto lake angani, hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana mama huyu alinyeshewa zaidi usiku wa nyota kuliko usiku wa mawingu, jambo lililomchanganya fundi kabisa.

Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 300 kuliko ubao. Kwa hiyo bati tupu, kwa habari ya joto, ni kama hakuna kitu. Linazuia mvua na mwizi tu. Mchana ni kinyume chake: wakazi wa nyumba za mabati kule Kaptembwo na Rhonda wanajua jinsi chumba kinavyokuwa tanuri saa saba. Dawa ya magonjwa hayo mawili ni ile ile moja, nayo nitaieleza baada ya muda mfupi.

Wazee wa sehemu hii hawakuwa na taabu hiyo. Nyumba ya Mkikuyu ya zamani iliezekwa nyasi nene, na ndani ya nyasi mna hewa iliyotulia, ambayo ni kihifadhi joto bora. Juu ya mafiga palikuwa na itara, ile dari ndogo ya fito ya kukaushia kuni, na moshi ulijipenyeza polepole kupitia nyasi. Walovuta moshi, hilo halikataliki, lakini hawakudondokewa. Bati lilipokuja lilileta faida kubwa, kwani haliungui kirahisi na maji yake ya mvua hutekwa yakanywewa. Tulilipokea kwa furaha bila kuuliza nyasi zilikuwa zikifanya kazi gani nyingine.

Je, baridi huleta nimonia?

Hapa lazima niwakosoe wazazi wengi. Baridi yenyewe haizai nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Lakini nyumba baridi na yenye unyevu huvifungulia vijidudu mlango kwa njia kadhaa. Watu husongamana chumba kimoja na kufunga kila tundu, hivyo kikohozi cha mmoja kinakuwa cha wote. Kuvu huota ukutani na juu ya mbao, na mbegu zake huamsha pumu. Kisha huletwa jiko, na moshi wake hudhoofisha kinga ya mapafu ya mtoto. Kwa wazee, baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu, na mwenye moyo dhaifu huumia usiku bila mtu kujua.

Nimonia si ugonjwa wa kudharau. Shirika la Afya Duniani lilihesabu zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka mitano waliouawa na ugonjwa huo mwaka wa 2019 pekee. Shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2018 kuhusu makazi na afya, lilipendekeza nyumba katika nchi za baridi zisishuke chini ya digrii 18, na kwamba nyumba za maeneo yenye majira ya baridi zitiwe vihifadhi joto. Najua mtu atasema sisi tuko kwenye ikweta. Na akalale Dundori usiku mmoja kwanza.

Kuna ushahidi kwamba kazi hii ya paa huzaa matunda. Huko New Zealand watafiti walizitia vihifadhi joto nyumba za familia 1,350 zilizokuwa na mgonjwa wa kifua, nusu yake mwanzoni na nusu nyingine baada ya utafiti ili walinganishe. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2007. Joto la vyumba vya kulala lilipanda kwa nusu digrii tu na unyevu ukapungua kidogo, lakini watu walipiga miluzi ya kifua kwa uchache zaidi na watoto walikosa shule siku chache zaidi. Familia hizo pia zilitumia nishati kidogo kuliko wenzao.

Jinsi ya kuivalisha

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Anza mchana wa jua kali. Zima taa, funga madirisha, simama chumbani utazame juu. Kila nuru inayopenya ni tundu la kweli, na hilo huzibwa kwanza, kwa msumari wenye mpira au kwa kubadilisha bati. Kufunika paa linalovuja ni kuficha kidonda chini ya bendeji chafu. Kagua pia kenchi, ile mihimili ya mbao inayopanda kwa mteremko kutoka ukutani hadi kileleni. Ichome kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kirahisi, ubao umeoza au umeliwa, na lazima ubadilishwe.

Baada ya hapo hesabu matabaka kutoka kitandani kwenda juu: mbao za dari, karatasi ya nailoni, kihifadhi joto, nafasi ya hewa, kisha bati. Mpangilio huo usigeuzwe. Nitaeleza sababu, kwa kuwa hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kihifadhi joto hukaa katikati ya kenchi mbili, kikibana vizuri pande zote. Kenchi nyingi za kwetu ni za inchi 4 kwa 2. Basi weka unene wa inchi 2, na uache inchi 2 zilizosalia juu yake ziwe wazi chini ya bati. Nafasi hiyo lazima ipumue: hewa iingie chini penye upenu na itokee juu karibu na kilele. Ikipita humo hubeba unyevu wowote uliojipenyeza na kuutoa nje. Fundi akikuambia "tujaze kabisa ndiyo joto likae," mkatalie kwa upole. Kihifadhi kinachogusa bati hulowa, na kikilowa hakihifadhi kitu, kinaozesha kenchi tu. Milango hiyo ya hewa izibwe kwa waya wenye matundu madogo, la sivyo mtawapa popo na panya nyumba ya bure yenye joto. Mkojo wa panya na viroboto vyake si jambo la kutakia wajukuu.

Nailoni ndiyo ngao dhidi ya mvuke. Kazi yake ni kuizuia pumzi ya waliolala isifike mahali penye baridi, kwa hiyo hukaa upande wa chumba, upande wenye joto. Vipande vipandane kwa upana wa shubiri nzima na viungo vyake vifungwe kwa utepe wa gundi. Kosa nililoliona nyumba nyingi ni kuitundika nailoni peke yake, ikiwa imelegea chini ya bati, ili "idake matone." Inayadaka kweli, kisha yanajikusanya tumboni mwake hadi siku inapochanika juu ya kitanda. Nailoni ya kudakia matone inawezekana, lakini hiyo hutandazwa juu ya kenchi kabla mabati hayajapigiliwa, ikateremka bila kikwazo na kumwaga maji nje kwenye mfereji. Anayeanza kujenga leo aifikirie. Aliyekwisha kuezeka asijaribu kuiigiza kwa ndani.

Mwisho huja dari. Mbao za saipresi zinazoshikana kwa ulimi na mfereji hupatikana kwa wingi katika maduka ya mbao ya Nakuru, nazo hupendeza kwenye mteremko. Jipsamu ni laini na safi lakini haivumilii maji. Plaiwudi ni nafuu, ila gundi yake hutoa harufu kali inayowasha macho, hivyo chumba kiachwe wazi wiki chache kabla mtoto hajalala humo. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba yake na zisizikwe kiholela ndani ya kihifadhi joto, maana waya usiopata hewa hupata moto. Bomba la moshi likipita hapo, liachiwe nafasi tupu kulizunguka.

Kitu gani kitumike kuwa kihifadhi? Sufi ya kioo ni nzuri na haishiki moto. Huwasha ngozi na koo, kwa hiyo fundi avae glovu, miwani na kitambaa kizito cha puani, na nguo zake zifuliwe peke yake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitazama upya sufi hiyo mwaka wa 2001 na halikuiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Povu gumu jeupe, lile linalofungiwa televisheni ndani ya boksi, huuzwa kwa mabamba na ni jepesi kukata. Lakini likishika moto hutoa moshi mweusi wa sumu, basi lisiachwe wazi bila dari hata kwa mwezi mmoja. Karatasi ya kung'aa kama fedha hurudisha joto vizuri, mradi iwe na nafasi ya hewa mbele ya uso wake unaong'aa. Ikibanwa katikati ya vitu viwili kazi yake kubwa imekwisha.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Zamani katika nyumba nyingi za nyanda za juu magunia yalivutwa yakakazwa chini ya kenchi na kupakwa chokaa. Hiyo ni dari halisi, kwa sababu imeituliza hewa iliyo juu yake. Makatoni nayo husaidia, ingawa yanapendwa na mende na moto, kwa hiyo yasikaribie taa ya mafuta.

Onyo moja kwa wenye nyumba za zamani, hasa za mashirika na shule. Ikiwa paa lako si bati bali ni mabamba ya kijivu yenye mawimbi mazito kama saruji, huenda ni asbesto. Usitoboe, usikate, usipige msasa, wala usipigilie chochote. Nyuzi zake zikivutwa hukaa mapafuni, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au hata zaidi. Kanuni za taka za mwaka 2006 nchini Kenya zimeiweka asbesto katika taka za hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA. Dari ya chini yake ijengwe ikijisimamia kwa mihimili yake yenyewe.

Jiko litoke

Nimeliacha hili nyuma kwa makusudi, ili msomaji asiende dukani kabla ya kulisoma. Nyumba iliyovalishwa vizuri haipitishi upepo. Jiko la makaa ambalo katika nyumba yenye nyufa lilikuletea kichwa kuuma, katika nyumba hii linaweza kuua. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko na hazikuamka.

Sumu yake ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hujishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu hukosa hewa huku akipumua vizuri. Watu hudhani makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama. La, makaa hayo mekundu ndiyo yanayotoa sumu hiyo, na beseni la maji kando ya jiko haliipunguzi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na zikiwapata watu wote wa chumba kwa pamoja usitafute sababu nyingine. Fungua, watoe nje, wakimbize hospitali wapewe oksijeni. Kunywa maziwa, kama wengi waaminivyo, hakuitoi sumu hiyo katika damu. Ni kupoteza dakika tu.

Basi siku dari inapokamilika jiko nalo lihame chumba cha kulala kabisa. Zile tundu za kudumu zilizo juu ya madirisha, ambazo wengi huziba kwa magazeti na matambara, zifunguliwe. Joto linalotoka hapo ni dogo likilinganishwa na lile lililokuwa likipotea kwa paa zima. Na kila asubuhi madirisha yafunguliwe kwa nusu saa, kwa sababu nailoni imezuia pumzi isifike kwenye bati lakini haikuifuta. Bado imo chumbani ikingoja njia.

Dari haiwezi kuwa chanjo. Kenya iliingiza chanjo ya kuzuia aina moja kubwa ya nimonia mwaka wa 2011, na mtoto huanza kupewa akiwa na wiki sita. Mtoto anayekohoa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni za kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usingoje matatu ya kwanza ya asubuhi, tafuta gari la jirani.

Nyumba ya yule mama ilivalishwa mwezi uliofuata, fundi mwingine, siku sita. Tulimwomba aache ubao mmoja karibu na kilele ukiwa na skrubu badala ya misumari. Baada ya majuma manne rafiki yangu alipanda alfajiri, akaufungua na kuingiza mkono hadi kwenye kenchi. Ubao ulikuwa mkavu. Mama alikuwa chini akimulika kwa tochi, na alichouliza ni kama sasa anaweza kurudisha kitanda chake karibu na dirisha.